Mgeni wa Mwezi

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Hapa Nansio tunampa patasi,
ufunguo wa chumba kilichokuwa stoo ya mbegu,
ndoo, kandambili na onyo moja:
mashine ni nzee kuliko sisi sote, usiifokee.

Mimi si msanii. Liandikwe hilo kwanza.
Mimi ni mtu wa gurudumu.
Miaka kumi na tisa nilihudumia kinu cha pamba,
nyuzi zikanijaa puani, kinu kikafa,
na Bi Nyabuso aliponunua banda,
mashine ya kuchapia ikavushwa kwa feri
imefunikwa turubai kama maiti wa heshima,
hakuuliza nani anajua kuchora.
Aliuliza nani ana mabega.

Nimewaona. Mwezi kwa mwezi, mmoja anaondoka,
mwingine anakuta shuka bado ina wino.
Yule wa Songea alichonga mvua siku thelathini
na halikudondoka hata tone.
Kijana wa Kampala alimpaka wino sato mzima,
akamlaza kwenye karatasi, magamba yote yakatoka, hata jicho,
kisha akauliza kama bado analiwa.
Analiwa. Ulimi wangu ulikuwa mweusi hadi Jumapili.
Na bwana mmoja, msomi, akachonga jina la mji wetu
jinsi linavyosomeka,
likatoka OISNAN, herufi zimetupa kisogo.
Tumelitundika mlangoni. Watoto wanaotumwa chumvi
wanasema wamepitia Oisinani.

Halafu Somoe, kutoka Lindi.

Alikuja na ubao wake wa mninga kwenye kanga,
akachonga rafu ya jikoni kwa marehemu mama yake:
vikombe sita, kimoja kimefudikizwa.
Wiki tatu kwa kile kimoja.
Nilimuuliza kwa nini kimelala kifudifudi,
akapuliza unga wa mbao, akasema, "Hicho changu."
Sikuuliza tena.

Alitaka nakala ishirini, safi,
pasiwe na alama ya kidole.
Tulichapa kutwa, mimi kwenye gurudumu, yeye kwenye rola,
hatukuongea ila "twende" na "basi".
Jioni zilining'inia kambani kama nguo za shule.

Usiku huo moshi ulisimama juu ya ziwa.
Wageni hudhani Kisorya kunaungua.
Sisi tunazima taa na kufunga madirisha,
lakini nani alikumbuka? Taa ya banda iliwaka,
na wadudu wakaingia kwa malaki,
wakatua penye wino mbichi, wakabaki.

Asubuhi kila kikombe kilikuwa kimejaa.

Hakulia. Alivuta stuli, akachukua penseli,
akaanza kuhesabu. Nakala ya kwanza, wadudu arobaini na mmoja.
Ya pili, kumi na saba. Ya tisa, mia na kitu,
akarudia tangu mwanzo kwa sababu ya hicho kitu.
Na pale chini ambapo wengine huandika namba ya nakala
akaandika idadi ya waliokuja.
"Matanga hayakuwa na watu," alisema. "Ilikuwa masika, barabara ilikatika."

Siku ya mwisho ubao hukatwa mstari,
usichapwe tena: ndiyo sheria ya nyumba.
Akanipa kisu. "Kata wewe."
Nikasema mimi ni wa gurudumu.
Akaendelea kunishikia kisu, mpini kwangu, ncha kwake.

Nilikata. Mkono ulitetemeka karibu na kile kilichofudikizwa,
nikakizunguka.
Tukachapa moja ya ushahidi. Ipo, droo ya chini:
mstari mweupe unaopanda vibaya,
na mahali pamoja umepinda
kama mtu aliyempisha mwenzake mlangoni.
Sijaonyesha mtu. Bi Nyabuso anajua, ananyamaza.

Feri inapiga honi. Huyo ni mgeni wa Juni,
ameandika kwamba anachonga punda tu.
Nakwenda kumpokea begi
na kumtazama mabega.